Mwamba Uliopigwa Mara Mbili

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 2:11–15; Kutoka 18:13–24; Hesabu 12; Hesabu 20:1–13; Hesabu 27:12–17.

Kamati ya uchaguzi inapoketi, swali la kwanza huwa ni nani anaiweza kazi. Ni swali halali. Kanisa linahitaji mzee anayejua kuongoza baraza, na Shule ya Sabato inahitaji kiongozi anayeanza kwa wakati. Lakini liko swali la pili ambalo mara nyingi hatulifikii, kwa sababu giza limeingia na watu wana njaa: mtu huyu huwa mtu wa namna gani anapochoka na kupingwa? Maisha ya Musa yanatusaidia kulitafakari, maana Biblia imeyaeleza bila kumsitiri.

Musa hakuanza akiwa mpole. Alipomwona Mmisri akimpiga Mwebrania, alitazama huku na huku, akamwua, akamfukia mchangani. Stefano anaeleza kwamba wakati huo alikuwa na umri wa miaka 40, mwenye elimu yote ya Wamisri, na kwamba alidhani ndugu zake wangetambua kuwa Mungu anawaokoa kwa mkono wake (Matendo 7:22–25). Angalia vizuri: shabaha yake ilikuwa njema, na hata wito wake ulikuwa wa kweli. Kilichopungua ni tabia ya kuubeba wito huo. Siku ya pili Mwebrania mmoja alimwuliza ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi wao. Musa hakuwa na jibu. Akakimbia.

Huko Midiani alikaa miaka mingine 40. Tunaposoma Kutoka 3:1 kwa haraka hatuoni kwamba kundi alilolichunga halikuwa lake, lilikuwa la Yethro mkwewe. Mtu aliyelelewa katika jumba la Farao amefikisha miaka 80, na bado anachunga kondoo wa ukweni! Wasomaji wengi wa somo hili hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Tena kondoo hawaendeshwi kwa amri. Yakobo alijua kwamba kundi lenye wanaonyonyesha likikimbizwa siku moja tu litakufa (Mwanzo 33:13, 14), kwa hiyo mchungaji hana budi kutembea kwa mwendo wa aliye dhaifu. Semina za uongozi ninazoziendesha mimi huchukua siku tatu, na cheti hutolewa siku ya mwisho.

Hata hivyo miaka peke yake haimbadilishi mtu. Wako waliokaa jangwani muda mrefu wakatoka na uchungu ule ule. Kwa Musa tunaona matunda. Katika Kutoka 18, Yethro, kuhani wa Midiani, anamwambia kiongozi wa Israeli kwamba namna anavyofanya kazi si njema, na kwamba atajichosha yeye na watu wake. Musa angeweza kumjibu kwamba yeye ni mgeni, hayajui mambo ya Waisraeli. Badala yake alisikiliza na kufanya yote aliyoshauriwa. Katika Hesabu 12, Miriamu na Haruni wanamsema. Musa hajitetei, na Miriamu anapopigwa kwa ukoma ni yeye anayemlilia Mungu amponye. Kambi nzima ikamngoja Miriamu siku saba. Sifa ya upole wa Musa imeandikwa hapo, katika ugomvi wa ndugu wa tumbo moja, wala haikuandikwa kwenye ushindi wa Bahari ya Shamu.

Laiti habari ingeishia hapo.

Hesabu 20 inaanza na kifo cha Miriamu. Maji hakuna, na watu wanakusanyika juu ya Musa na Haruni wakiwa na manung'uniko yale yale ya wazazi wao. Mungu anamwagiza Musa achukue fimbo na kuuambia mwamba utoe maji. Musa anawaita watu waasi, anauliza kama yeye na Haruni wawatolee maji mwambani, kisha anaupiga mwamba mara mbili. Maji yakatoka mengi. Watu wakanywa, na mifugo ikanywa. Kama baraza lingekaa jioni ile, taarifa yake ingesomeka vizuri sana: tatizo la maji limetatuliwa.

Je, adhabu ya kutoingia Kanaani haikuwa kali mno kwa mzee aliyefiwa na dada yake? Swali hili nimeulizwa darasani mara nyingi, na zamani nililijibu upesi kupita kiasi. Leo naanza kwa kuonyesha fungu la 7 na la 8. Katika maagizo yale Mungu hakuonyesha hasira yo yote. Aliwaona watu wenye kiu, akataka wanywe. Hasira ilikuwa ya Musa; lakini kwa kuwa fimbo ilikuwa mkononi mwake, mkutano mzima ulirudi hemani ukiamini kwamba Mungu ndiye aliyekasirika. Ndiyo maana Bwana anasema kosa lao ni kutomstahi mbele ya macho ya Waisraeli (fungu la 12). Watu walipata maji, wakapewa na picha isiyo ya kweli ya Yeye aliyewapa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimkemea mwalimu mmoja kijana mbele ya wenzake kwa sababu taarifa yake ilichelewa. Kesho yake asubuhi taarifa ilikuwa mezani, imekamilika. Nilijihesabu kuwa kiongozi anayejua kusimamia kazi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba tangu siku ile mwalimu yule hakuuliza tena swali lo lote mkutanoni, na kwamba wenzake nao walikuwa wamepunguza kuuliza. Nilimwendea kumwomba radhi. Alinisamehe, ila kuuliza kulirudi polepole mno.

Jambo la mwisho tulione katika Hesabu 27. Bwana anamwambia Musa apande mlimani aitazame nchi, kisha atakufa, na anamkumbusha habari ya yale maji. Musa hapo habishani. Anaomba jambo moja tu: Bwana aweke mtu juu ya mkutano, ili watu wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji.

Maswali ya Kujadili:

1. Kumbuka kazi ya kanisa iliyofanikiwa huku mtu akiumizwa. Je, kikundi chenu kiliwahi kumrudia mtu huyo?

2. Katika kanisa lako mahalia, ni nani anayeweza kumwambia kiongozi kama Yethro alivyomwambia Musa, na asionekane mpinzani? Kama hayupo, ni kwa sababu gani?