Kirukia kikinawiri, mti hukauka

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, Qur'an imetuhimiza mara nyingi tuvitazame viumbe na kuzingatia. Leo naomba tuutazame mmea mmoja mdogo, kisha tujiulize hali ya amana tulizokabidhiwa.

Kirukia wengi wetu tunakijua. Ni ule mmea unaoota juu ya mwembe au mlimau, mbegu yake ikiwa imeletwa na ndege. Lakini kipo kirukia kingine, kidogo zaidi, kinachoishi juu ya miti ya jamii ya misonobari. Wataalamu wanakiita Arceuthobium. Aina zake nyingi ziko Amerika ya Kaskazini, na moja iko huku kwetu, katika misitu ya milimani ya Kenya na Ethiopia, juu ya mtarakwa, mti uleule uliotupatia nguzo za ua na mbao za penseli.

Kirukia hiki kwa kawaida hakingoji ndege. Tunda lake hujaa maji kwa ndani mpaka shinikizo likaifyatua mbegu kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa, ikatua hata umbali wa mita 10 au zaidi. Mbegu ina ulimbo. Hunasa kwenye jani, mvua ikinyesha huteleza hadi kwenye kijiti, ikaota na kupenya gome.

Baada ya hapo, kimya. Aghalabu hupita miaka 2 hadi 5 kabla ya chipukizi kuonekana nje. Mpita njia huona tawi zima, kumbe ndani mnyonyaji amekwishajitandaza, anafyonza maji na chakula. Baadaye tawi hufura na kutoa vijiti vilivyosongamana kama fagio. Fagio hilo hunawiri, na kilele cha mti hukauka. Mti ukishadhoofika, wadudu wa magome huumalizia. Na mti ukifa, kirukia nacho hufa, maana hakiwezi kuishi pasipo mti ulio hai.

Nisieleweke vibaya. Mmea huu haukumuasi Mola wake. Unaishi kama ulivyoumbwa, na wapo ndege wanaojenga viota katika mafagio yake. Atakayeulizwa ni mwanadamu, aliyepewa akili na amana, kisha akachagua maisha ya kirukia.

Tazama nyumba ya wakfu. Kodi inakusanywa kila mwezi, lakini paa la madrasa linavuja na mwalimu hajalipwa. Tazama mali ya mayatima iliyo mikononi mwa ami yao. Wao wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, watoto wa ami wanasoma. Je, mambo haya huanza na wizi mkubwa? Mara nyingi huanza na kitu kidogo chenye ulimbo: nauli isiyoandikwa, mkopo wa wiki moja usiorudishwa, zawadi ya mpangaji. Ndiyo maana Mtume (SAW), aliposikia mkusanya zaka anadai kuwa sehemu ya alivyokuja navyo amezawadiwa yeye, alilikemea jambo hilo juu ya mimbari, akahoji kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake.

Nasi tukigundua ubadhirifu tunafanya nini? Tunamng'oa mwenyekiti, tunamweka mwingine, tunarudi majumbani tumeridhika. Hapo tumechuma machipukizi tu. Kirukia hiki ukichuma machipukizi yake huota tena, kwa kuwa mwili wake umo ndani ya tawi. Dawa ni kulikata tawi lenyewe mapema. Na tawi letu ni ile desturi ya kutoandika, kutosoma hesabu mbele ya waumini, na kumuona anayeuliza kuwa ni mfitini.

Lakini kabla ya kukata, watu wa misitu hupima. Mwaka 1977 Frank Hawksworth wa Idara ya Misitu ya Marekani alichapisha kipimo chao. Matawi ya mti hugawanywa sehemu tatu: juu, kati na chini. Kila sehemu hupewa 0 ikiwa salama, 1 ikiwa imeathirika kidogo, na 2 ikiwa zaidi ya nusu ya matawi yake yameathirika. Jumla ya juu kabisa ni 6. Nasi tujipime hivyo: viongozi juu, wajumbe wa kamati katikati, na chini ni sisi tusiouliza. Sayyidna Umar (RA) alituhimiza tujihesabu kabla ya kuhesabiwa.

La mwisho ndilo linalonitisha zaidi. Mti mkubwa wenye kirukia ukisimama juu ya miche, mbegu huinyeshea miche hiyo. Vijana wetu wanakulia chini yetu. Wakimuona mla amana anaheshimiwa na kupewa nafasi ya mbele, watafanya nini siku watakapokabidhiwa funguo?

Basi Ijumaa hii, baada ya swala, tuombe kwa adabu daftari la hesabu lisomwe. Anayeshika mali ya yatima aihesabu mbele ya mashahidi. Ewe Mola, tuepushe na kula amana, na utuokolee miche yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.