Mtungi wa Hewa na Haki ya Mpinzani

Mtu anayeingia kwa hiari katika mchezo wa hatari amekubali hatari ipi hasa? Wanafalsafa wa maadili na mafakihi wamelijadili swali hili kwa muda mrefu, na mchezo wa peintiboli unalileta hadi dukani, pale mchezaji anapochagua mtungi wa hewa na regyuleta ya bunduki yake ya rangi. Mchezo huu ulianza mwaka 1981 katika jimbo la New Hampshire, Marekani, kwa bastola zilizokuwa zikitumika kutia alama miti na ng'ombe. Wachezaji 12 waliwindana msituni, na mshindi alikusanya bendera bila kufyatua hata mara moja. Tangu siku hiyo mchezo umesimama juu ya mapatano: nipige nami nikupige. Ninachoshikilia ni kwamba mapatano hayo yana mpaka, na mpaka huo unalindwa na kifaa ambacho mpinzani hana nafasi ya kukikagua.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mtungi wa alumini kwa kawaida hujazwa hadi paundi 3,000 kwa inchi ya mraba. Uliozungushiwa nyuzi za kaboni hufika 4,500. Bunduki haiwezi kupokea nguvu hiyo, kwa hiyo regyuleta iliyo mdomoni mwa mtungi huishusha, mara nyingi hadi karibu 800, na nyingine chini zaidi. Ikiwa nzima, kila risasi hutoka kwa kasi inayokaribiana na ya iliyotangulia. Ikichakaa, hewa hupenya taratibu wakati bunduki imetulia na shinikizo hupanda. Hapo risasi ya kwanza baada ya kimya huweza kutoka kali kuliko ile iliyopimwa kabla ya mchezo, hasa kama bunduki haina kidhibiti chake cha pili. Viwanja vingi huweka kikomo cha futi 300 kwa sekunde, yaani karibu mita 91. Kasi ikizidi kwa asilimia 10 tu, nishati ya pigo huongezeka kwa asilimia 21, kwa kuwa nishati hufuata kipeo cha pili cha kasi. Nao mtungi una umri wake. Nchini Marekani hupimwa upya kwa shinikizo la maji, kwa kawaida kila baada ya miaka 5, na mingi ya nyuzi za kaboni hustaafishwa ikitimiza miaka 15, kwa sababu nyuzi huweza kudhoofika pasipo jicho kuona. Ukipasuka unapojazwa, anayesimama karibu nao ni mhudumu wa kompresa, ambaye hata mchezoni hayumo.

Wapo watakaosema kwamba kila aliyevaa barakoa na kuingia uwanjani amekwisha kuridhia maumivu. Ni kweli, ila ameridhia maumivu anayoyafahamu: pigo lililo ndani ya kikomo kilichotangazwa. Ridhaa haivuki mipaka ya ujuzi. Fikihi ya Kiislamu iliweka msingi huu katika biashara zamani: mnunuzi aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha bidhaa, hata kama alitamka kuwa amekubali. Sheria ya Musa nayo inamwamuru mwenye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka. Anayepanda dari hupanda kwa miguu yake, na bado wajibu uko kwa mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuizuia hatari.

Wengine watasema ajali ni kudura ya Mungu. Kauli hiyo ina faraja kwa aliyefikwa na msiba, lakini haiwi udhuru kwa aliyeusababisha. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamweleza mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaagizwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kusoma tarehe iliyogongwa kwenye mtungi ni sehemu ya tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, na anayepuuza tarehe hiyo kisha akataja kudura anamsingizia Mola uzembe wake mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la kipato: je, maadili haya si ya wenye fedha? Yangekuwa hivyo kama haki ingedai kifaa cha bei kubwa. Haidai hivyo. Mtungi wa alumini wa paundi 3,000 ambao haujapitwa na muda wa kupimwa, wenye regyuleta nzima, unatimiza wajibu kuliko wa kaboni wa 4,500 ulionunuliwa kwa bei ya kutupa baada ya umri wake kwisha. Asiyemudu hata huo anaweza kukodi.

Kwa hiyo, wewe unayechagua, tafuta tarehe ya kupimwa kabla ya kuuliza bei. Pima kasi, iache bunduki itulie, kisha pima tena. Mtungi uliokwisha umri usimuuzie mwenzako. Uharibu usijazwe tena. Mpinzani wako amekuruhusu umshinde, hajakuruhusu umhatarishe kwa kitu ambacho wewe peke yako ulikuwa na nafasi ya kukikagua.