JE, MKRISTO ANAWEZA KUMALIZA ZAMBI HAPA DUNIANI?



Swali hili tumelipokea kwa vinywa vingi, na mara nyingi linakuja baada ya siku za kufunga. Mtu amefunga siku 7 mahali pa maombi, ametubu, amelia machozi, moyo wake umekuwa mwepesi. Akirudi nyumbani anauliza: "Je, sasa zambi imekwisha kwangu?" Wengine hawaulizi tena. Wanasema wazi: "Sisi hatutendi zambi." Saa ya kuungama inapofika mbele ya Meza ya Bwana, wanakaa mahali pao na mikono wamekunja, wanawatazama wenzao.

Upande mwingine wako ndugu wanaosema: "Sisi ni wanadamu, mwili ni zaifu, hakuna aliye mkamilifu." Maneno hayo wanayasema siku ya Mungu. Siku ya kwanza ya kazi mmoja anarudi kwenye lutuku, mwingine kwa mwanamke aliyemficha katika mtaa mwingine, mwingine kwa mganga kutafuta manga ya kupata kazi. Hao wamefanya mapatano na zambi, wanakaa nayo nyumba moja.

Tunataka kuwajibu hawa wote wawili pamoja, maana wote wawili ni watoto wetu.

1. Maandiko yanafundisha nini

Mtume Yohana, katika barua yake ya kwanza, anasema maneno mawili yanayoonekana kupigana. Katika sura ya 1, mstari wa 8, anafundisha kwamba mtu anayedai hana zambi anajidanganya. Katika sura ya 3, mstari wa 9, anafundisha kwamba aliyezaliwa na Mungu hakai katika kutenda zambi. Barua ni moja, na watu waliopelekewa ni walewale. Yohana hakusahau alichoandika. Anajua kwamba kuna mtu anayeishi ndani ya zambi kama ndani ya nyumba yake, na kuna mtu anayeanguka njiani, akainuka, akamlilia Bwana.

Mtume Paulo naye, katika Waroma 6:12, anatuonya tusiiache zambi itawale kama mfalme. Mfalme ni yule anayetoa amri watu wakatii. Zambi inaweza kupiga kelele mlangoni, lakini haina haki ya kukaa kitini. Na Paulo huyohuyo, akiwa mtume wa miaka mingi, anakiri katika Wafilipi 3:12 kwamba hajafika bado, anakaza mbio. Kama Paulo hakuwa amefika, sisi tumepata wapi njia ya mkato?

Tena Bwana Yesu, alipotufundisha kuomba mkate wa kila siku, palepale alitufundisha kuomba msamaha. Swali hili lilipata kusumbua kanisa la Afrika tangu zamani. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Kartago, mji ulio leo katika nchi ya Tunisia. Waliwakataa waliosema kwamba watakatifu wanaomba msamaha kwa unyenyekevu tu, bila kuwa na zambi ya kweli. Maaskofu wale walisema: watakatifu wanaliomba ombi hilo kwa kweli, kwa sababu wanalihitaji.

2. Uhuru uliokwisha kutolewa

Mtu atasema: "Kama bado tunaomba msamaha, basi hatukuwekwa huru." Ndugu, tukumbuke nchi yetu. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Utawala wa Wabelgiji ulikwisha kwa siku moja. Lakini tarehe 5 Julai askari waliasi, na tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga. Je, uhuru ulikuwa uongo? Hapana. Bwana wa zamani hakuwa na haki tena ya kututawala. Lakini kujifunza kuishi kama watu huru ni kazi ya kila siku, na inatuchosha hata leo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Mkristo. Msalabani zambi ilinyang'anywa utawala wake. Mazoea yake tunayaondoa moja moja.

Na mazoea mengine yanaweza kuondoka kwa siku moja. Mwaka 1921, Nabii Simon Kimbangu alipohubiri Nkamba, watu waliacha manga za mababu, vitu walivyoviogopa tangu utoto. Mwenye kusema "mimi siwezi kuacha" awakumbuke hao. Kimbangu mwenyewe alifungwa miaka 30, akafa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Minyororo ya watu haikuweza kumfanya aiache imani. Sisi tulio nje ya gereza tutasemaje kwamba chupa inatushinda?

3. Kosa letu sisi wazee

Sasa tunasema jambo la kwetu, maana si haki kuwafundisha ninyi tu.

Miaka michache iliyopita tulimwondoa binti mmoja katika kwaya kwa sababu alipata mimba pasipo ndoa. Tulisoma jina lake mbele ya watu. Tulisema: "Kanisa ni takatifu." Kijana aliyempa mimba alikuwa mtoto wa mmoja wetu. Siku ya Mungu iliyofuata alikuwa mahali pake anapiga ngoma, nasi tulinyamaza. Mama wa binti alikuja kwetu, akapiga magoti kwa heshima, akatuuliza neno moja tu: "Baba wazee, mimba hii mtoto wangu aliipata peke yake?"

Hatukuwa na jibu. Wakati ule sisi tulikuwa miongoni mwa wale wasiotoka mbele kuungama. Tulijiona safi. Tuliona zambi katika tumbo la binti, hatukuiona katika ulimi wetu ulionyamaza. Baadaye tulikwenda nyumbani kwao, tukaomba msamaha mbele ya jamaa yote, kisha mbele ya kanisa. Kijana naye alitoka mbele, akamkubali mtoto. Lakini binti hajarudi kwenye kwaya. Hatuwezi kumlazimisha. Tunamngoja.

Kwa hiyo tunawaambia: mtu anayedai kwamba amemaliza zambi ni hatari kwa wenzake, na wanaoumia kwanza ni wanyonge.

4. Kanzu nyeupe

Mama zetu wanaelewa jambo hili kuliko sisi. Wakati wa ukavu mavumbi mekundu yanafika kila mahali. Hakuna mama anayesema kanzu yake ya ibada haiwezi kuchafuka. Wala hakuna anayesema, "Itachafuka tena, kwa nini niifue?" Kila mwisho wa juma anachota maji, anafua, anaanika. Anayepita akiona kanzu nyeupe, ajue kuna mikono iliyofanya kazi.

Basi kabla ya Meza ya Bwana inayokuja tufanye hivi. Kila mmoja aitaje zambi yake kwa jina lake, tusiseme tu "nimekosa kwa mawazo." Aliyekula feza ya mwenzake airudishe, hata kidogo kidogo. Aliyetukana aende nyumbani kwa aliyemtukana. Na wazee watatoka mbele wa kwanza.

Tena usiogope, wewe uliyeanguka mara nyingi katika jambo lilelile. Inuka. Zambi iliyokuwa mfalme wako inaweza kushindwa katika maisha haya. Kuhusu kumalizika kwake kabisa, tunalo tumaini la 1 Yohana 3:2: siku tutakapomwona Bwana jinsi alivyo, tutafanana naye. Siku hiyo hatutahitaji tena kufua.

Ee Baba, utuondolee kiburi cha kujiona safi, na uvivu wa kukaa katika uchafu. Mrudishe dada yetu, na utufanye tuwe kanisa anapoweza kurudi. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.