Eli Aliwaonya Wanawe, Wala Hakuwazuia



Mwezi huu twataka tutafakari jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja kanisani. Ni habari ya mtu wa Kanisa, awe mtumishi wa madhabahu, mwalimu wa kwaya au mzee wa heshima, anayemnajisi mtoto au kumwingilia mwanamke kwa nguvu ama kwa hila. Zaidi ya hapo, ni habari ya sisi viongozi: hufanya nini tupatapo kuambiwa?

Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2 na ya 3. Eli alikuwa kuhani huko Shilo. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikuwa makuhani pia, nao walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Eli hakukosa habari, maana watu walimwambia. Wala hakunyamaza, kwa kuwa aliwaita wanawe akawakemea. Lakini waliendelea kuvaa ukuhani wao, na mlango ule ukabaki mikononi mwao. Kosa ambalo Mungu alimhesabia Eli ni kwamba alijua, naye asiwazuie.

Msidhani hayo ni ya Shilo tu. Katika Kanisa letu la Kianglikana alikuwapo Mwingereza mmoja, John Smyth, mwanasheria mashuhuri aliyesaidia kuongoza kambi za vijana wa Kikristo. Aliwachapa vijana kwa fimbo mpaka wakatoka damu, huku akiwaambia kuwa ndiyo njia ya utakatifu. Mwaka 1982 kasisi mmoja aliandika taarifa ya siri. Viongozi wachache wakaisoma, polisi wasiambiwe. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, akawachapa watoto wa huko. Mwaka 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika kambi yake. Baadaye akahamia Afrika Kusini. Mwaka 2013 habari zake zilifika kwa wakuu wa Kanisa la Uingereza. Hata hivyo alifariki mwaka 2018 bila kuhukumiwa. Uchunguzi uliotangazwa Novemba 2024 ulionyesha kuwa aliowaumiza, mwilini, kijinsia na rohoni, ni zaidi ya 100, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Wale wa mwaka 1982 walidhani wanaikinga kazi ya Injili. Kumbe deni walilolifunika Uingereza lilikuja kulipwa na watoto wa Afrika.

Lakini tusiwanyoshee kidole Waingereza peke yao. Sisi wenyewe, miaka mingi iliyopita, katika parishi tusiyoitaja, tuliwahi kukaa kikao cha namna hiyo. Mama mmoja alileta malalamiko juu ya mtu tuliyemheshimu. Aliyeumizwa ni binti yake wa darasa la sita. Tuliomba, tukasoma Neno, mtu yule akalia na kusema amekosa. Tukamwambia mama, "Yaishie hapa, tusiliaibishe Kanisa mbele ya majirani." Yule mtu akahamia mtaa mwingine, na barua nzuri tukamwandikia. Binti hakurudi tena kanisani. Sisi, tuliokuwa tukiwafundisha walimu chuoni kwamba mtoto akibadilika ghafula hana budi kuulizwa kwa upole, hatukumwuliza binti yule hata neno moja. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Mara nyingi aumbukaye siye aliyeyaficha.

Wengine husema Mathayo 18 inaagiza aliyekosewa aende kwa ndugu yake, wayamalize wawili. Ni kweli sura ile yasema hivyo. Lakini tuisome tangu mwanzo wake. Kabla ya hayo Bwana alimweka mtoto mdogo katikati ya mitume, akatoa onyo la kutisha juu ya yeyote awakoseshaye wadogo. Basi, mtoto awekwe katikati kwanza. Kumwambia aende peke yake kwa aliyemnajisi ni kumrudisha mdomoni mwa simba.

Wengine huuliza, "Je, akitubu?" Na atubu, Mungu hamkatai. Lakini Zakayo alipotubu alisimama mbele ya watu akasema atawarudishia aliowadhulumu. Mwenye toba ya kweli haikimbii sheria.

Wengine huuliza, "Je, akisingiziwa?" Yusufu alisingiziwa nyumbani kwa Potifa, tena bwana wake aliamua kwa hasira bila kuchunguza. Ndiyo sababu kikao cha wazee si mahali pa kuchunguza mambo haya. Wako waliopewa kazi hiyo.

Basi, yatupasa nini?

Kwanza, tumsikilize anayesema, tusimkemee, wala tusimwulize alivaa nini.

Pili, apelekwe upesi kituo cha afya Mlandizi au hospitali ya Tumbi, kabla hazijapita saa 72, ili apate dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe.

Tatu, habari ifike kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3, na pia kwa afisa wa Ustawi wa Jamii. Namba 116 hupigwa bure kwa habari za watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mwananchi mwenye habari ya mtoto anayedhulumiwa aitoe kwa serikali ya mahali pake. Na tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kumbaka mtoto kuna adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30. Jambo la namna hiyo halimalizwi kwa mbuzi wala kwa fedha chini ya mwembe.

Nne, anayetuhumiwa asimame kando na huduma mpaka ukweli ujulikane. Kusimama kando si kuhukumiwa. Wala asihamishwe kwa barua nzuri kama tuliyoiandika sisi.

Turudi kwa Eli. Usiku ule ujumbe wa hukumu ulipewa mtoto, Samweli, naye kulipokucha aliogopa kuusema. Eli akamsihi asimfiche neno lolote. Samweli akasema yote, na Eli hakumpiga wala kumwita mwongo. Mzee huyu alichelewa sana, lakini asubuhi ile alimsikiliza mtoto. Sisi bado hatujachelewa. Huenda hapa Janga yuko Samweli mmoja anayengoja kuulizwa.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe sisi tulionyamaza. Uwaponye waliovunjwa nyumbani mwako, na utupe ujasiri wa kuufunga mlango mbele ya mbwa mwitu, ajapokuwa ndugu yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.