Picha Isiyo na Deni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndani ya methali hiyo imejificha imani moja ambayo hatukuona haja ya kuihoji: kwamba kizuri ni adimu. Tangu mwaka 2022, programu za akili mnemba kama Midjourney na Stable Diffusion zilipowafikia watu wa kawaida, imani hiyo imeyumba. Asiyejua hata kushika brashi huandika sentensi mbili, na kabla chai yake haijapoa ameshapata picha nne, zote za kupendeza. Kizuri kikizagaa kila mahali, kitajiuza kwa nani?

Mfanyabiashara atajibu upesi kwamba bidhaa ikizidi sokoni bei hushuka. Ni kweli, ila bei na thamani haziendi sambamba siku zote. Oktoba 2018, mnada wa Christie's jijini New York uliuza kwa dola 432,500 picha iitwayo Edmond de Belamy, iliyotengenezwa kwa programu ya kompyuta na kundi la Wafaransa. Makadirio ya awali hayakuvuka dola 10,000. Uso wa mtu aliyemo pichani umejaa ukungu, na sidhani kama kuna aliyeupandia dau kwa uzuri wake. Kilichouzwa pale ni ugeni, na ugeni huo leo umekwisha.

Jibu zito zaidi lilitolewa na Walter Benjamin, mwanafalsafa wa Kijerumani, katika miaka ya 1930 alipokuwa akitafakari kamera na sinema. Kwake, kazi ya sanaa ina haiba inayotokana na kuwapo mahali pamoja na kupitia historia yake yenyewe. Nakala zikiongezeka, haiba hiyo hufifia. Kwa hoja hii thamani imo katika upekee, na mashine inayomwaga picha bila kikomo ndiyo inayomalizia kazi iliyoanzwa na kamera.

Nadhani hoja hiyo inakwama Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini humo mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Uchoraji wake ulidumu miaka michache tu. Sehemu kubwa ya michoro tunayoiita leo Tingatinga imetoka katika mikono mingine: ya wanafunzi wake, baadhi yao ndugu zake, kisha ya wanafunzi wa wanafunzi hao, ambao mwaka 1990 walisajili ushirika wao. Ukienda Oysterbay utamkuta chui yuleyule na mbuyu uleule katika kibanda hiki na kile. Wachoraji wanaigana mchana kweupe. Kama thamani ni upekee, basi hawa hawana sanaa. Lakini wanayo, na inajulikana duniani.

Tofauti basi iko wapi, ikiwa mashine inaiga na mchoraji naye anaiga? Iko katika deni. Kijana anayerudia chui wa mwalimu wake anajua chui huyo ametoka kwa nani. Amefundishwa, amekosolewa, amekula chakula cha nyumba ile. Akimaliza hutia jina lake pembeni, na chui akionekana kama mbuzi, wa kulaumiwa ni yeye. Siku moja naye atafundisha mwingine. Mchoro unapita kutoka mkono hadi mkono kati ya watu wanaodaiana, na jina la marehemu linabaki hai kwa sababu kila mmoja bado anamlipa.

Mifumo mingi ya kuzalisha picha imefunzwa kwa mabilioni ya picha zilizokusanywa kwenye intaneti pamoja na maelezo yake, bila wenyewe kuulizwa. Iagize chui wa Tingatinga, itakupa chui mwenye madoa safi. Ila mwenye kuagiza hajui nani amefundisha, na aliyefundisha hajui kwamba amefundisha. Deni lipo, mdaiwa haonekani.

Yupo atakayesema kwamba kuagiza nako ni kazi. Jason Allen wa Marekani, aliyeshinda tuzo ya sanaa ya kidijitali katika maonyesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022, alieleza kwamba alirekebisha maelekezo yake mara zisizopungua 624. Ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa kuisajili picha hiyo mwaka uliofuata. Mimi sina ugomvi na jasho lake. Kuchagua ni ufundi, na wapiga picha walishatuthibitishia hilo. Ila jasho halitoshi kuwa kipimo: mtu aweza kuhangaika usiku kucha na bado asijue anasimama juu ya mabega ya nani.

Pingamizi kali zaidi ni kwamba deni halionekani ukutani. Mwenye hoteli anayetaka kupamba korido hajali ukoo wa chui. Nakubali, na hapo ndipo penye hatari. Chui wa kupamba ukuta ndiye aliyelipa kodi ya chumba na rangi ya mwanagenzi. Mashine haihitaji kuchora vizuri kumzidi fundi ili kumwangusha. Inatosha imnyang'anye mteja asiyejali, na mnyororo wa kufundishana utakatika kwa njaa.

Kwa kawaida sheria za hakimiliki hulinda mchoro, hazilindi mtindo. Zilitungwa kwa swali la nani mmiliki, na kwa mtindo uliolelewa na watu wengi swali hilo halina jibu. La kuuliza sasa ni nani anadaiwa na nani, na nchi zenye mafundi wengi wasio na mawakili ndizo zenye sababu ya kuliuliza kabla ya wengine.