Mkeo Akivunja Kikoba

Wajukuu zangu, kaeni. Sitasema kwa ukali. Ukali unataka nguvu, na zangu zimeishia kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa zenu.

Mnaniambia mwanamke akishika pesa hasikii. Haya, basi nielezeni: mbona yule asiyekuwa na hata ya chumvi naye alikuwa akipigwa? Wazee wakamrudisha kwa mumewe, wakimwambia avumilie. Hakuwa na nauli ya kwenda kokote, nao wakamsifu kwamba ana subira.

Tazameni mambo yanavyokwenda mwisho wa mwaka. Mwaka mzima mama kanunua hisa kila wiki kwa pesa ya maandazi, katoa na ya mfuko wa jamii, na baba hajauliza kitu. Ikitangazwa siku ya kuvunja kikoba, ghafla kodi ya nyumba inadaiwa, pikipiki inataka injini, shangazi anaumwa. Mama akijibu kwamba pesa ile ina kazi yake, anaulizwa nani kamuoa nani. Kibao kinafuata.

Mwingine hapigi, ana werevu wake. Anajua halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, basi anamsukuma mkewe kwenye kikundi, na mkopo ukitoka anauchukua yeye. Marejesho yakikwama, anayeandamwa na wenzake ni mama, na jina linalochafuka ni lake. Huo nao ni ukatili. (Ile mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kunyonya, siigusi leo, nitapandisha presha bure.)

Msinijie na mila pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. 1971! Wengine wenu hata baba zenu walikuwa hawajazaliwa. Na yule anayejigamba kuwa kila kitu ndani kanunua yeye, amsikie Bi Hawa Mohamed. Mwaka 1983, katika kesi yake na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe rufaa yake haikufaulu, maskini, lakini hukumu ile imewafaa wengi waliokuja nyuma yake.

Na nyie mabinti mnaosikilizia mlangoni, ingieni. Laini ya simu iandikishwe kwa jina lako, na namba ya siri usimpe mtu. Mkichanga kununua kiwanja, jina lako liingie kwenye hati ya mauziano siku ileile, msiambiwe litaongezwa baadaye. Risiti za mabati na saruji kaziweke kwa mama yako. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako. Ukipigwa, nenda dawati la jinsia pale polisi, wakupe fomu ya PF3, ukatibiwe wakati alama bado zinaonekana. Sikwambii uondoke wala sikwambii ukae. Hilo utaliamua wewe, ila uliamue ukiwa na chako mkononi.

Wewe uliyenuna pale pembeni, kikao cha Jumapili nitakuja, nimeshaahidi. Safari hii mkeo ndiye atakayeongea kwanza, na kurudi kwako atarudi akitaka mwenyewe.