JANI LA MTI NA KIDONGE CHA HOSPITALI

Neno kwa ajili ya Sikukuu ya Mtakatifu Luka
Somo: 2 Wafalme 20:1–7



Tarehe 18 Oktoba Kanisa linaadhimisha Sikukuu ya Mtakatifu Luka Mwinjilisti, ambaye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anamtaja kuwa tabibu. Siku hiyo tunawaombea wagonjwa na wote wanaowahudumia. Basi ni vema tuseme wazi juu ya ubishi uliomo katika nyumba zetu nyingi. Wako Wakristo wasemao kwamba dawa za miti shamba ni mambo ya kipagani, na mwamini asiziguse. Wako wasemao kwamba dawa za hospitali ni sumu za viwandani, na kwamba Mungu alitupa majani yatutoshe. Tena wako wasemao kwamba mwenye imani ya kweli hahitaji hili wala lile, bali maombi tu. Mara nyingi watu hawa watatu ni wa nyumba moja, nao wanabishana huku mtoto amelala na homa.

Tutazame habari za mfalme Hezekia. Aliugua hata kufa, na nabii Isaya akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia akageuza uso wake ukutani, akaomba, akalia sana. Kabla Isaya hajafika mbali, neno la Bwana likamrudia: mfalme atapona, naye ataongezewa miaka 15. Lakini tazameni kilichofuata. Ahadi imekwisha kutolewa, na bado Isaya anaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya hakuona aibu kuweka tunda la mti juu ya jibu la maombi. Dawa haikuondoa imani, wala imani haikuondoa dawa.

Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka katika ardhi, na kwamba mgonjwa aombe, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Kitabu hicho Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya mwenendo mwema, na hapa mafundisho yake ni mema kweli.

Basi wale wanaodharau majani na wajue hivi. Kwinini, iliyowaponya wazee wetu wengi, ilitoka katika ganda la mti wa Amerika ya Kusini, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakaitenga katika ganda hilo. Dawa ya mseto tunayopewa leo kwa malaria ina kitu kilichotoka katika mmea uitwao artemisia. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha kale cha nchi yake kwamba mmea huo uloweshwe katika maji na kukamuliwa. Akatambua kwamba huenda moto wa kuchemshia ndio ulioharibu nguvu yake. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakakipata kile kiponyacho kikiwa safi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Hapa Tanzania, Muhimbili imekuwa na kitengo cha kuchunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka Baraza la kuwasimamia waganga hao. Kwa hiyo jani si adui wa hospitali. Mara nyingi ni mama yake.

Lakini na wale wanaosema kwamba kitu cha asili hakidhuru, nao wasikilize. Mihogo michungu ni ya asili, na asiyejua kuitengeneza huweza kuua jamaa nzima kwa chakula cha jioni. Mbarika ni wa asili: mafuta yake yaliyotengenezwa vema huendesha tumbo, lakini mbegu zake zikitafunwa ni sumu kali. Katika Hospitali ya Mvumi, iliyo ya Kanisa letu huko Dodoma, waganga wa macho walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba dawa za kienyeji zilizotiwa machoni zilikuwa mojawapo ya sababu za vidonda vilivyopofusha watoto, pamoja na surua na ukosefu wa vitamini A. Wazazi wale waliwapenda watoto wao. Upendo wao haukuifanya dawa ile kuwa njema.

Hata artemisia yenyewe, ikinywewa kama chai, Shirika la Afya Duniani halikubali itumike kutibu malaria. Sababu yake si dharau. Kikombe kimoja kina dawa nyingi, kingine kidogo, na hakuna ajuaye kipimo. Dawa kidogo huviacha vijidudu hai na kuvizoesha.

Wala wapenda vidonge wasijisifu. Klorokwini ilikuwa katika kila duka la kijiji, na watu waliimeza kwa kukisia. Vijidudu vikaizoea, hata mwaka 2001 nchi yetu ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Leo twafanya vivyo hivyo kwa dawa nyingine. Mtu anapewa dozi ya siku saba, siku ya tatu anaona nafuu, vidonge vilivyobaki anavifunga katika kitambaa amngojee mgonjwa mwingine. Mwingine anakwenda dukani kununua vidonge vya rangi mbili kwa sababu jirani alivitumia. Huko nako ni kupiga ramli, ingawa ni ramli ya kidonge.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo Kanisa halina budi kuikemea. Katika lugha yetu neno “mganga” hubeba watu wawili: yupo Mganga Mkuu wa Wilaya, na yupo mganga wa kienyeji. Na huyo wa kienyeji naye ni wa namna mbili. Mzee ajuaye mizizi ya kutuliza tumbo ni mtu wa maarifa, na maarifa yake ni kipawa cha Mungu. Lakini mpiga ramli, anayemwambia mgonjwa kwamba aliyemroga ni shangazi yake, hatoi dawa, anatoa chuki. Huko Usukumani wako vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Mkristo hawezi kukaa katika mkeka wa mtu huyo, kisha Jumapili akapiga magoti mezani pa Bwana.

Mnakumbuka habari za Loliondo mwaka 2011. Mzee Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aliyefariki mwaka 2021, aliwapa watu kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema ameagizwa na Mungu. Magari yakapanga mstari wa kilomita nyingi mpaka Samunge. Hakuwatoza fedha nyingi, wala hatumhukumu moyo wake. Lakini wako waliotolewa katika vitanda vya hospitali wakafia njiani, na wako wenye virusi vya UKIMWI walioacha vidonge vyao kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Mungu huponya kwa muujiza, nasi twasadiki hivyo. Lakini Bwana wetu alipowatakasa wenye ukoma aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kupima na kuthibitisha. Muujiza wa kweli hauogopi kupimwa.

Kuna jambo moja linalonihuzunisha zaidi ya yote. Ni habari ya degedege. Wako wazazi wanaosadiki hata leo kwamba degedege huletwa na ndege wa shetani, na kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Kwa hiyo anafukizwa kwanza na kuogeshwa dawa. Jioni, akiwa hana fahamu tena, ndipo anapobebwa kwenda hospitali, akafa baada ya sindano, na watu husema, “Si tuliwaambia?” Ndugu, mara nyingi degedege hilo ni malaria iliyopanda kichwani, nayo huweza kuua kwa siku moja au mbili. Kinachoua ni zile saa zilizopotea. Na sindano ya artesuneti inayotumika sasa kwa malaria kali imetengenezwa kutoka kwa mmea ule ule wa artemisia. Mnayoiogopa katika sindano ni dawa ya jani, iliyosafishwa na kupimwa.

Basi nawasihi mambo manne. Kwanza, mtoto mwenye homa apimwe damu upesi, na mwenye degedege apelekwe hospitali saa ile ile, mwombeeni njiani. Pili, ukiwa unatumia miti shamba, mwambie mganga wa hospitali bila kuona haya, maana dawa mbili huweza kugombana mwilini. Na mganga asimcheke mgonjwa, asije akaficha. Mficha maradhi, kilio humfichua. Tatu, dozi ikianza imalizwe. Nne, wazee wenye maarifa ya mimea wasiyazike pamoja nao, bali wawafundishe vijana na kuwaonyesha wachunguzi.

Mfalme Asa alilaumiwa kwa sababu aliwatafuta waganga bila kumtafuta Bwana. Hezekia alimtafuta Bwana, akaipokea na dawa. Tumfuate Hezekia.

Tuombe: Ee Mungu, uliyetia uponyaji katika majani na akili katika wanadamu, utupe unyenyekevu wa kuuliza, haraka ya kuwasaidia wadogo, na moyo usiomdhania jirani mabaya, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi, Kasisi wenu